Isale Uliyoniletea Ofisini

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu najua ungenigombeza hapo hapo: mtoto gani huyu anaingia uani na habari zake kabla ya kuamkia watu? Basi nimeamkia. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana hakuna tena wa kuniitikia kwa ile sauti yako ya kukoroma, ya mtu anayejifanya amekasirika kumbe amefurahi.

Nakuandikia nikiwa ofisini, Moshi mjini. Ni mchana, na mlima umejifunika tangu asubuhi. Dirishani pangu ipo ndoo ya plastiki yenye isale yako. Imerefuka mno, inagusa kioo cha juu. Wageni wanaotoka mikoa mingine huniuliza hilo ni ua gani. Wachaga hawaulizi. Wakiiona hunitazama usoni mara moja, kisha wanaangalia pembeni. Wanajua kwamba kwetu mtu akikujia na jani la isale mkononi amekuja kuomba radhi, na uliyeletewa huna ruhusa ya kukataa. Ukishalipokea, jambo limekwisha na halizungumzwi tena.

Mimi nalizungumza leo. Unisamehe. Nalizungumza hadharani, wasome na wengine, kwa sababu limenikaa kooni tangu tulipokufukia pale chini ya migomba yako.

Unakumbuka likizo zangu za Kirua? Baba alikuwa akinileta kwako shule zikifunga tu, na wewe ulikuwa ukinikagua kwenye lango la kihamba, penye migomba yako, mikono, shingo, nywele, unasema huko mjini wananikondesha. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe na kukufuata nyuma ukienda kwenye mfongo kufungulia maji ya zamu yenu. Ulikuwa unauruka ule mfereji na jembe begani, bila hata kuangalia chini, halafu unanigeukia: "Ruka wewe, au unasubiri daraja?" Niliogopa maji yale miaka mingi, lakini nilikuogopa wewe zaidi, kwa hiyo nikaruka.

Niliporudi na shahada ya udaktari ulichinja. Ulipika mtori wa kulisha ukoo mzima, ukanivika kitenge kipya, kisha mbele ya wageni ukanipa kidole chako chenye jipu nilitumbue. Nikalitumbua. Ukaridhika. Balaa ilianza niliposema nakwenda kusoma zaidi, magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, nifanye utafiti wa dawa zake.

"Kwa hiyo sindano utachoma lini?"

"Sitachoma, shangazi. Nitakuwa naangalia dawa kama zinafaa. Nawapima wagonjwa, naandika."

"Unaandika. Halafu?"

"Halafu naandika tena."

Ukamgeukia Mama Elisante, jirani yako na mwenzako wa umoja wa kina mama, mkapigana mabega kwa kucheka. "Mwanangu ni daktari wa karatasi," ukasema. Jina likanikaa. Nilikwenda nalo Ulaya, kwenye baridi ya kupasua midomo, nikarudi nalo. Nilipopata nafasi ya kazi Dar es Salaam nikaikataa, watu wakaniona kichaa. Nilitaka kufanya kazi huku, kwa sababu vijiji vya mlimani vimejaa wazee wanaotetemeka, na hakuna aliyewaambia wanaumwa nini. Mzee wa watu anaambiwa ni pombe ya mbege imemkaa mikononi. Bibi wa watu anaambiwa amerogwa na mke mwenzake. Ni ugonjwa wa Parkinson, una dawa za kuupunguza makali, na mgonjwa anakufa bila kusikia jina la ugonjwa wake. Hiyo ndiyo kazi niliyochagua, na miaka yote nilijisifu kwamba naifanya kwa ajili ya wazee wa watu.

Kisha ukawa wewe.

Nilikusikia kabla sijakuona. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwako, wewe jikoni unamimina maziwa, na mdomo wa sufuria ukawa unagonga chupa ya chai, ti ti ti ti, hauachi. Nimeisikia sauti hiyo kwenye nyumba nyingi. Nilibaki nimekaa pale na kikombe mkononi, nikiomba Mungu iwe ni sufuria mbovu. Ulipotoka ukanikuta nalia, ukaniuliza kama nimeachika.

Miguu nayo ikaanza kukugomea. Ulikuwa ukifika mlangoni unaganda, kama mtu aliyeshikwa na gundi, na kadiri ulivyojilazimisha ndivyo ulivyozidi kukwama. Lakini mfongo ulikuwa unauvuka vilevile kama zamani, hop, umefika ng'ambo. Loo, watu walisema! Wakasema unajifanya, wakasema umechoka kazi za nyumbani unataka mkweo akuhudumie. Wewe mwenyewe ulikuwa umeanza kuwaamini. Nikakueleza kwamba ndivyo ugonjwa huu ulivyo, penye sakafu tupu mguu hukataa, penye kitu cha kuvuka mguu hukumbuka. Nikaweka mguu wangu mbele ya miguu yako, pale kizingitini. "Vuka huu." Ukavuka. Ukatazama nyuma, ukautazama mguu wangu, ukasema: "Kumbe hiyo karatasi ina maana."

Tangu siku hiyo kila tulipofika mlangoni ulisubiri niweke mguu. Hatukuambizana tena.

Wakati huo ndipo tulipoletewa utafiti wa ile dawa mpya. Kampuni iliyoitengeneza ni ya nje, sisi wa Moshi tukapewa wagonjwa wa mlimani. Kila aliyeingia alipewa dawa yenyewe, tuangalie inamsaidiaje kwa mwaka mmoja. Ukapimwa ukafaa. Mama Elisante naye, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kabla ya yako na mumewe akawa anamficha, tulimpima tukamkataa, kwa sababu ya presha. Alishuka ngazi za ofisini, na wewe ukamfuata ukiwa umemshika mkono, au yeye amekushika wewe, sikujua nani anamsaidia nani.

Siku ya kuweka saini haikuruhusiwa niwe chumbani, kwa sababu wewe ni damu yangu. Nilikaa nje kwenye benchi kama mgonjwa. Mwenzangu alikusomea fomu yote kwa Kiswahili kizuri, cha redioni, na humo ndani iliandikwa kwamba utafiti ukiisha dawa nayo inaisha. Nilikusikia ukiitikia kila sentensi: ndiyo, mwanangu, ndiyo, baba. Ulipotoka nikakuuliza umeelewa? "Nimeelewa. Wamesema watanipa dawa." Nami nikaona inatosha, tukaenda kunywa chai.

Mwaka ule, shangazi. Nikiukumbuka najikuta nacheka peke yangu. Ulirudi kumenya ndizi mwenyewe, ukamfukuza mkweo jikoni kwako kwa maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Ulipanda Kilema kwa miguu kwenye msiba, ukashuka. Jumapili ya Pasaka nilikuja kusali kwenu. Siku zote za ugonjwa mchungaji alikuwa akikunywesha Chakula cha Bwana kama mtoto, amekishika kikombe yeye, maana ulishawahi kumwaga divai kwenye kitambaa cheupe na ulilia wiki nzima. Safari hii ulinyoosha mikono yote miwili. Mchungaji akasita. Ukamtazama kwa jicho lile, akaachia. Ukanywa, ukafuta mdomo wa kikombe, ukamrudishia. Halikumwagika hata tone. Nyuma yako alikuwa Mama Elisante, naye akanyoosha mikono, naye akanywa. Nilimwona. Nikashangaa kidogo, yeye hayuko kwenye dawa, mbona mikono imetulia? Nikajiambia labda ni siku yake nzuri. Daktari mzima.

Mwaka ukaisha. Masanduku yaliyobaki yakafungwa yakarudishwa kwa wenyewe, kama mkataba ulivyosema. Nilikuja mwenyewe kukueleza, ukanisikiliza umeinamisha kichwa, ukasema "haya". Zile dawa za kawaida, za zamani, nilikununulia zilipopatikana, zikakutapisha mpaka ukashindwa kula, na kuna miezi hazikuwepo katika maduka yote ya Moshi. Mikono ikarudi kutetemeka. Miguu ikaganda kuliko mwanzo.

Halafu ukaja.

Hukunipigia simu. Ulishuka kutoka Kirua na gari la asubuhi, umevaa kitenge cha kanisani, peke yako, wewe ambaye kutoka chumbani hadi chooni ilikuwa safari. Niliambiwa kuna bibi amesimama mlangoni mwa ofisi haingii wala hatoki. Nikatoka mbio. Ulikuwa umeganda pale kizingitini, watu wanakupita pembeni, na mkono mmoja umeuficha ndani ya khanga. Nikaweka mguu wangu. Ukavuka.

Ukakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Ukautoa ule mkono, na ndani yake kulikuwa na isale, kipande cha shina na majani yake, jani moja limefungwa fundo. Mkono ulitetemeka hadi majani yakawa yanapiga kelele juu ya meza yangu.

"Mwanangu, nimekosa," ukasema. "Vile vidonge sikumeza vyote."

Sikuelewa.

"Nilikuwa nakata katikati, kwa kisu cha ndizi. Nusu nameza mimi, nusu nampelekea mwenzangu. Kila asubuhi nikipeleka maziwa. Mlimkataa, sasa mimi ningemeza kizima halafu nimwangalie? Nimejua mmeona kwenye karatasi zenu, ndiyo maana mkaninyima. Mna haki. Nimekuja kuomba radhi, mnirudishie. Na mkinirudishia sitampa tena mtu." Ukaunyoosha mkunjo wa kitenge. "Au mnirudishie tu hata hiyo nusu yangu."

Shangazi, nilikueleza. Nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti, nikakwambia hukuadhibiwa, hakuna aliyeona, dawa imeisha kwa watu wote, hata kwa waliomeza kizima. Ukaniangalia kwa huruma, jinsi unavyomwangalia mtoto anayedanganya ili asiaibishe mkubwa. Ukasogeza isale karibu yangu. "Najua huwezi kusema mbele ya hawa. Pokea tu."

Ningefanya nini? Wewe niambie. Ningeikataa isale ya shangazi yangu? Nikaipokea kwa mikono miwili. "Nimeipokea, shangazi." Ukashusha pumzi kama mtu aliyetua mkungu. "Basi yameisha," ukasema, ukadai chai. Uliomba radhi, lakini ulichokuwa unataka ni dawa, na mimi nilikuwa na radhi tu, tena kwa kosa ambalo silo lililoiondoa dawa. Ukaondoka umefurahi. Dada wa mapokezi, mtu wa Tabora, asiyejua mambo yetu, akaona jani zuri limelala mezani, akalitia kwenye jagi la maji. Baada ya muda likaota mizizi, nikalihamishia kwenye ndoo.

Sheria ilinilazimu niseme ulichonieleza. Mgonjwa aliyegawa dawa hesabu yake haifai, kwa hiyo namba yako ikatolewa kwenye utafiti. Kazi ile imesomwa na mabingwa wa nchi ambazo hutazijua, imenipa jina, naalikwa kwenye mikutano kwa sababu yake. Wewe ndani yake humo. Nimeisoma mara nyingi nikijua ni wapi ungekuwepo.

Na baada ya hapo hukuuliza tena. Hilo ndilo linaloniua. Kila nilipopanda Kirua ulikuwa ukiutazama mkoba wangu mara moja, ninapoutua, kisha unaniuliza habari za watoto. Jambo la isale likiisha halirudiwi, na wewe ulikuwa mtu wa kushika miiko. Ulisubiri kimya. Majirani uliwaambia dawa inakuja, mtoto wa kaka ameshapokea isale. Sauti ikapungua ikawa ya kunong'ona, uji ukaanza kukupalia, uso ukakosa hata lile jicho la kumtisha mchungaji, na bado nikitua mkoba macho yalikuwa yanakwenda pale pale. Mpaka asubuhi ile uji ulipokupalia kabisa, kifua kikajaa, na hospitali haikuweza kukurudisha.

Nililia msibani hadi nikawaudhi watu. Mama Elisante alikaa kwenye mkeka, mikono ameikalia isionekane. Hakulia.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwaka huu, ndiyo sababu ya barua.

Kampuni nyingine imeniletea utafiti mwingine. Dawa nzuri, nimeisoma, naamini itasaidia. Mwaka mmoja. Nikawauliza swali moja tu: mwaka ukiisha, wale itakaowasaidia wataendelea kuipata? Wakajibu kwa adabu ndefu, na ukiyakamua maneno yao unapata kwamba hawaahidi kitu. Nikawaandikia: basi tafuteni mtu mwingine. Siwezi kumpa mtu mikono yake halafu nikamnyang'anya. Nilijisikia vizuri, shangazi, nisikufiche. Niliiangalia ile ndoo dirishani nikakwambia kwa sauti, nimekulipizia.

Jumamosi moja nikapanda kuja kusafisha kaburi lako, nikapita kwa Mama Elisante. Amebaki kidogo sana. Anakaa kwenye kiti cha mbao barazani, anainama upande mmoja, mkwewe amemwekea mto. Nikamsimulia yote, kwa fahari. Nilitegemea anishike mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa ile sauti ndogo ambayo lazima uinamie mdomo wake.

"Ulimuuliza nani?"

"Nilimfikiria shangazi, mama. Nilivyomwona akiteseka baada ya..."

"Shangazi yako amekufa. Mimi nipo."

Akapumua, akakusanya nguvu, akaendelea neno moja moja. "Ile Pasaka nilikishika kikombe cha Bwana kwa mikono yangu. Kwa nusu kidonge. Nusu ya kukatwa na kisu cha ndizi. Wewe unasema unatuonea huruma, ndiyo maana hutupi kabisa. Huruma ya nani hiyo? Kila siku nakaa hapa naikumbuka Pasaka ile. Ungenipa nyingine moja, halafu uchukue dawa yako uende nayo, mimi ningekushukuru, ningekwambia aika mae. Lakini hukuniuliza. Na yeye mlimkosea si kwa kumnyang'anya. Mlimkosea kwa kumwacha asubiri."

Nikashuka mlima nimeshika usukani kwa nguvu, nimekasirika. Nilikasirika naye kwanza, kuanzia Kirua hadi lami. Kuanzia lami nikakasirika na mimi.

Jumatatu yake niliwaandikia wale wa kampuni kwamba nimerudi. Niligombana nao tena kuhusu dawa za baadaye, nikagombana nao vizuri, ungefurahi, na sikupata kitu zaidi ya ahadi ya kuliangalia suala hilo. Nikakubali hivyo hivyo. Kisha nikachukua mkasi, nikakata jani moja kwenye ndoo yako, nikalifunga fundo. Dada wa Tabora, ambaye siku hizi anajua lile si ua, akaniuliza nampelekea nani. Nikamwambia nampelekea mtu niliyemwamulia mambo yake.

Mama Elisante alipoliona jani mkononi mwangu aliguna. Uso wake hauwezi kucheka tena, lakini guno lile nalijua, ndilo mlilokuwa mkigunia pamoja mkinisengenya. "Daktari wa karatasi," akasema. Akajaribu kuinua mikono alipokee, mikono ikakataa kutulia, nikaishika yote miwili pamoja na jani ndani yake mpaka ikatulia.

"Nimeipokea," akasema. "Sasa nisikilize. Siku ya kwanza, kabla hujanipa kitu, uniambie kwamba kuna siku ya mwisho. Usinisomee. Niambie wewe, kwa Kichaga, nikiwa nimekaa."

Vibali vikachukua miezi. Jana ilikuwa siku yake ya kwanza. Presha safari hii haikumzuia, dawa hii haigombani nayo. Mkwewe alimleta, na mlangoni akaganda pale pale ulipogandia wewe. Nikaweka mguu. Akavuka.

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, magoti yakagusana. Yeye si damu yangu, kwa hiyo naruhusiwa. Fomu nikaiacha mezani kwanza. Nikamwambia kwa Kichaga changu cha likizo, kibovu kama unavyokijua, kwamba dawa hii itampa mwaka, pengine, na mwaka ukiisha itaondoka, mikono itarudi kutetemeka na miguu itaganda, na mimi nitakuwa sina cha kumpa, na hata akiniletea isale nitakuwa sina. Nilimwambia siku ya mwisho itaangukia wakati gani wa mavuno. Nilitetemeka mimi kuliko yeye. Akasikiliza, akauliza kama kuna Pasaka humo katikati. Nikamwambia ipo. "Basi lete," akasema.

Baada ya kuweka alama yake ya kidole, nikakiweka kidonge kwenye kiganja chake, nikakishikilia kiganja, kidonge kisianguke. Hakukimeza. Alikitazama muda mrefu. Nikadhani ameogopa, nikamuuliza kuna nini, mama.

"Sijawahi kumeza kizima," akasema.

Nilitoka nje, shangazi. Nilisimama kwenye korido nimegeukia ukuta hadi dada wa Tabora akaniletea kitambaa. Niliporudi alikuwa ameshameza, anasubiri nimwekee mguu aende nyumbani.

Jumapili nakuja. Nitakata kipande chenye shina, kile kinachoweza kuota, nikipande pale kichwani kwako. Halafu nitakwambia, kwa Kichaga kile kile kibovu, maneno yaliyokuwa yako tangu ile siku ya benchi na sikukwambia siku ile: dawa ilikuwa na siku ya mwisho, hukunyimwa kwa kosa lako, usisubiri tena.

Ni isale, shangazi. Unajua huwezi kuikataa.

Mtoto wa kaka yako,
Daktari wa karatasi